Kuipima Ishara Kabla ya Kuisimika: Picha za Kompyuta na Reli ya Tanga

Mada hii inatetea hoja moja: uonekano wa ishara ya reli hauwezi kuthibitishwa kwa ukaguzi wa siku moja. Jua huhama, majani huota na treni hubadili mwendo, lakini nguzo ikishasimikwa imesimikwa. Kwa hiyo picha za kompyuta zinazoonyesha njia kama dereva anavyoiona zitumike mapema, mchoro ukiwa bado mezani. Kwetu Masuguru, na Handeni na Korogwe kwa jumla, hoja hii inahusu reli ya Tanga, iliyofika Korogwe mwaka 1902, ikaunganishwa na Reli ya Kati kwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi mwaka 1963. Treni za abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi zilirejea Desemba 2019, na kadiri safari zinavyofufuka, ndivyo ishara zinavyozidi kubeba dhamana ya maisha ya watu.

Ushahidi mzito unatoka Uingereza. Tarehe 5 Oktoba 1999, treni mbili ziligongana Ladbroke Grove, London, na watu 31 wakafariki. Mmoja wa madereva alikuwa ameipita ishara SN109 ikiwa nyekundu. Ishara hiyo hiyo ilikwisha kupitwa hivyo mara nane tangu 1993. Uchunguzi wa ajali hiyo ulioongozwa na Lord Cullen ulionyesha kwamba daraja na vifaa vya umeme vya juu ya reli viliizuia isionekane mapema, na kwamba jua la asubuhi lililomulika taa zake huenda lilimpotosha dereva. Vizuizi vya namna hiyo vina vipimo, na chenye vipimo huweza kuchorwa kabla hakijaua.

Hapa kwetu, treni itokayo Tanga kwenda Korogwe jioni hulikabili jua la machweo. Kompyuta hukokotoa mahali pa jua kwa saa na tarehe yoyote, kisha huweka kona, tuta, miti na kimo cha macho ya dereva katika picha moja. Mwendo nao huingia: kwa kilomita 60 kwa saa, sekunde 8 za kuitazama ishara zinahitaji takriban mita 133 zisizo na kizuizi; kwa kilomita 160 kwa saa, zinahitaji takriban mita 356.

Wapo watakaosema kwamba reli ya kisasa (SGR) imeumaliza mjadala, kwani mfumo wake humletea dereva maelekezo ndani ya kichwa cha treni. Ni kweli kwa SGR, lakini reli ya Tanga ni ya upana wa mita moja, na dereva wake bado anahitaji kutazama nje. Wengine watasema picha hudanganya. Hoja hii ina uzito: hakuna skrini inayoweza kung'aa kama jua, na mchoro wenye vipimo vibovu hutoa faraja ya uongo. Ndiyo maana picha haiondoi ukaguzi wa njiani, bali huuelekeza. Ikionyesha kwamba saa kumi na mbili kasoro jioni mwezi fulani ndiyo hatari zaidi, wakaguzi waende saa hiyo, mwezi huo, wakiwa na dereva anayeijua njia. Kuhusu gharama, kurekebisha mchoro ni rahisi kuliko kung'oa nguzo.

Napendekeza mchoro wowote wa ishara usiidhinishwe bila picha za asubuhi na jioni, za masika na za kiangazi, na picha hizo zitunzwe ili wafyekaji wa njia wajue ni miti ipi isiyotakiwa kurudi.