Jiwe la Nani?

Leo sina ugomvi na mwendo kasi. Ugomvi wangu ni na mawe.

Lori la jasi limeharibika kati ya Makanya na Same. Utingo anaruka chini, anaweka jiwe nyuma ya gurudumu, anakata matawi na kuyatandaza barabarani ili wenzake waone. Vile vibao vyekundu vya pembetatu vimo chini ya kiti. Hutolewa akionekana trafiki. Haya, matawi nayo yanasaidia. Lakini lori likishatengemaa wanaondoka zao, jiwe linabaki palepale na matawi yake. Sijui wanadhani nani atayaondoa. Labda mbuzi, na mbuzi hali jiwe.

Huko milimani ndiyo balaa. Njia ya Mamba Miamba ni nyembamba, kona juu ya kona, na upande mmoja ni bonde. Mwezi uliopita nilikuwa nateremka kwa bodaboda, kiroba cha tangawizi kimelazwa mbele ya kijana. Giza likatukuta. Kwenye kona moja tukalivaa jiwe. Tangawizi yote bondeni, kijana kavunjika mkono wa kulia, ule wa kazi. Mimi goti tu.

Mama mmoja alitoka na tochi. Akatupa pole, akasema jiwe lile lina siku ya tatu pale.

Siku tatu! Nikaanza kuwalaani wote waliolipita. Kijana, huku ameshika mkono wake, akanikumbusha kwamba asubuhi, tulipokuwa tunapanda, hata sisi tulilikwepa.