Masomo ya Mtandaoni: Simu ya Kupokea Kazi, Daftari la Kufikiria

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wazazi, walezi na wanafunzi wa maeneo ya Thika na Ruiru.

 

Mnamo Machi 15, 2020, Serikali ya Kitaifa ilitangaza kufungwa kwa shule zote nchini kwa sababu ya virusi vya korona. Wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirejea shuleni Oktoba 12 mwaka huo. Wengine wote walikaa nyumbani hadi Januari 4, 2021. Mtoto aliyekuwa na simu, bando na mtu wa kumfuatilia aliendelea na masomo. Jirani yake aliyekosa hivyo alirudi darasani akiwa amesahau hata yale aliyokuwa akiyajua.

Aliyedhani hayo yamepita alikumbushwa mwaka wa 2024, mafuriko yalipochelewesha kufunguliwa kwa muhula wa pili kote nchini hadi Mei 13. Isitoshe, kijana wa Thika akijiunga na Chuo Kikuu cha Mount Kenya papa hapa mjini, au JKUAT kule Juja, atakuta kazi zikitolewa na kukusanywa kwa mtandao. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati Agosti 2023, kimeanzishwa mahususi kufundisha kwa njia hiyo. Kwa hivyo darasa la mtandaoni si jambo la dharura tu. Ni ujuzi ambao mtoto anapaswa kuupata mapema, kama alivyojifunza kushika kalamu.

Mojawapo ya majukwaa yanayotumiwa na walimu ni Google Classroom, lililoanzishwa mwaka wa 2014 na ambalo shule hulipata bila malipo. Yapo mengine, lakini utaratibu wake haupishani sana. Mwalimu hufungua darasa na kuwapa wanafunzi msimbo wa kuingilia. Ndani yake huweka maelezo ya somo, kazi ya kufanya na tarehe ya mwisho ya kuikusanya. Mwanafunzi hufanya kazi, huiwasilisha, kisha mwalimu huisahihisha na kumwandikia maoni.

Ukihesabu vizuri, kila kazi ina hatua tano: kutolewa, kuchukuliwa, kufanywa, kuwasilishwa na kusahihishwa. Faida kubwa iko katika ile ya tano, na ndiyo wanafunzi wengi huisahau. Akishaona alama zake, mwanafunzi hufunga simu. Hasomi mwalimu alichoandika chini ya jibu la tatu, wala haulizi kwa nini alikosea. Video za somo zinapatikana kila mahali mtandaoni. Mwalimu anayemjua mtoto kwa jina na kumwonyesha alipoteleza hapatikani kila mahali.

Ugumu wa kwanza ni kifaa. Katika nyumba nyingi za Ruiru na Thika, simu janja ni moja, nayo ni ya mama au baba. Asubuhi inaondoka kwenda kiwandani, sokoni au kwenye matatu, na inarudi saa moja jioni ikiwa na chaji kidogo. Watoto ni wawili au watatu, na kila mmoja ana kazi yake. Familia ya namna hii inaweza kudhani darasa la mtandaoni si lake. Hata hivyo, yapo mambo ambayo inaweza kufanya.

Mwanafunzi hahitaji simu kwa muda wote wa kusoma. Anaihitaji mwanzoni ili apokee kazi, na mwishoni ili airudishe. Katikati anahitaji daftari, kalamu na utulivu. Jioni ya kwanza apewe simu kwa dakika 20: aingie darasani, apakue maelezo, anakili maswali kwenye daftari na kuandika tarehe ya mwisho. Kesho yake, simu ikiwa kazini na mzazi, afanye kazi hiyo kwa daftari. Jioni ya pili apige picha kurasa zake na kuziwasilisha, kisha asome maoni ya kazi iliyotangulia. Watoto watatu wakigawiwa dakika 20 kila mmoja, ni saa moja tu. Ratiba hiyo iandikwe na kubandikwa ukutani ili wakubwa wasiwanyang'anye wadogo zamu yao.

Ugumu wa pili ni gharama ya bando. Maandishi hutumia data kidogo, video hutumia nyingi. Mwanafunzi aanze kwa kusoma maelezo, na atazame video pale tu aliposhindwa kuelewa, tena akiwa ameshusha ubora wa picha. Faili ipakuliwe mara moja na kuhifadhiwa kwenye simu, isifunguliwe upya mtandaoni kila siku. Programu ya Google Drive ina mpangilio wa kuzuia faili kusafirishwa bila Wi-Fi, na simu za Android zinaweza kuitumia kupiga picha kurasa kadhaa za daftari na kuziunganisha kuwa faili moja. Hilo humsaidia mwalimu pia, kwa kuwa hapokei picha kumi zilizochanganyika. Kurasa zipigwe picha karibu na dirisha au chini ya taa ili maandishi yasomeke.

Kuna kosa dogo linalowagharimu wanafunzi sana. Mtoto hupakia picha ya kazi yake, akaiona kwenye skrini, akadhani amemaliza. Katika Google Classroom, kazi haihesabiwi kuwa imewasilishwa mpaka abonyeze kitufe kilichoandikwa "Turn in". Asipokibonyeza, tarehe ikipita kazi huonyeshwa kuwa haijapokelewa, ingawa mtoto alikesha akiifanya. Kabla ya kurudisha simu kwa mwenyewe, ahakikishe kwamba mfumo umethibitisha kupokea kazi.

Kuuliza si ujinga. Wapo wanafunzi wasioweza kuinua mkono mbele ya wenzao. Jukwaa hilo lina nafasi ya kumwandikia mwalimu maoni ya faragha chini ya kazi, ambayo wenzake hawayaoni. Swali liwe mahususi. "Sielewi hesabu" humwacha mwalimu bila pa kuanzia. "Sielewi kwa nini alama ya kutoa ilibadilika katika hatua ya pili" hupata jibu.

Yupo pia mwanafunzi anayenakili majibu kutoka mtandaoni au kwa mwenzake. Huyo hupata alama za kazi ya nyumbani, lakini mwalimu humsahihishia makosa ya mtu mwingine. Yake mwenyewe hubaki yamefichika mpaka siku ya mtihani.

Usalama nao uangaliwe. Msimbo wa darasa usisambazwe kwenye vikundi vya WhatsApp ambako haijulikani nani anausoma. Anayetumia kompyuta ya saiba au simu ya kuazima aondoke kabisa kwenye akaunti yake kabla ya kuirudisha, na nenosiri asimpe hata rafiki. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa, kwa hivyo mzazi ana haki ya kuuliza taarifa za mwanawe zinatumiwaje. Mtoto akisumbuliwa au kutishwa mtandaoni, kuna nambari ya 116 ya kusaidia watoto, ambayo hupigwa bila malipo.

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti zimepewa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na maktaba. Mwanafunzi anayekosa utulivu nyumbani ana haki ya kutumia maktaba ya umma. Aliye Thika aanzie ile ya mjini na kuulizia saa za kufunguliwa. Nazo familia zisizo na kifaa kabisa zimweleze mwalimu wa darasa mapema, bila haya. Mwalimu akijua, anaweza kumpa mtoto kazi kwenye karatasi au kumwongezea muda. Asipojua, ataona tu kazi ambayo haikufika, na huenda akadhani ni uvivu.

Wapo wazazi wanaosema, "Mimi sijui mambo ya kompyuta, nitamsaidiaje?" Shule inayotumia akaunti rasmi za Google za elimu inaweza kumwalika mzazi apokee muhtasari kwa barua pepe, kila siku au kila wiki, unaoonyesha kazi ambazo hazijawasilishwa na zile zinazokaribia tarehe yake. Ulizeni shuleni kama huduma hiyo imewashwa.

Asiye na barua pepe anaweza kumsaidia mtoto kwa maswali matatu, akiwa jikoni au akivua viatu baada ya kazi. Umepewa kazi gani? Umeiwasilisha? Mwalimu alisema nini kuhusu ile iliyopita? Mtoto anayejua kwamba ataulizwa swali la tatu kila wiki atajifunza kusoma maoni ya mwalimu kabla ya kufunga simu.