Kabla ya Kulipia Chumba Majanji
Ndugu wananchi wa Majanji, nanyi mnaovuka kutoka Kenya kutafuta makazi,

Mwaloni vyumba ni vichache na wahitaji ni wengi; hapo ndipo tapeli hupokea malipo ya chumba kimoja kutoka kwa watu watatu, na familia ikalala nje na watoto. Twawasihi: msimlipe dalali kabla hamjaonana na mwenye nyumba mbele ya mwenyekiti wa LC1. Daini stakabadhi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2022 kuhusu wenye nyumba na wapangaji yataka mkataba wa shilingi 500,000 au zaidi uandikwe. Wenye nyumba, kagueni kitambulisho, lakini msimkatae mtu kwa lafudhi yake. Mkitapeliwa, njooni kituoni siku hiyo hiyo, tapeli hajavuka maji.