Kisukari na Jino Linalouma

Leo naongea na wewe mwenye kisukari ambaye jino linakunyima usingizi.

Nianze na mama mmoja jirani yetu. Alfajiri alijidunga insulini, akaenda kupanga foleni ya meno bila kula, eti aliona aibu kumfungulia daktari mdomo wenye mabaki ya ugali. Kufika saa nne anatetemeka, jasho linamtoka. Sisi tukacheka tukidhani anaogopa sindano. Kumbe sukari ilikuwa imeshuka! Aliokolewa na soda ya mtu wa nyuma yake.

Basi, siku ya kwenda, kula kama kawaida, tumia dawa yako kama ulivyoelekezwa, piga mswaki, na ubebe kitu kitamu mfukoni. Kabla daktari hajashika chombo, mwambie: nina kisukari, natumia dawa hii. Wengi wananyamaza wakihofu kurudishwa. Usinyamaze.

Watu husema kisukari kinalainisha meno. Sivyo hasa. Kinachoumia zaidi ni vile vinavyolishika jino, yaani fizi na mfupa wa taya. Sukari ikikaa juu muda mrefu, mwili unachoka kupigana na vijidudu. Fizi zinavimba, zinatoka damu, mfupa unalika polepole, mpaka jino lisilo na tundu hata moja linaanza kucheza. Mate nayo hupungua, na mdomo mkavu huoza meno haraka.

Tundu likifika kwenye kiini, ndipo maumivu ya usiku yanapoanza. Hata hapo jino linaweza kuokolewa. Daktari hutoa kiini kilichoharibika, husafisha njia za ndani ya mizizi, kisha huzijaza na kuziba. Kisukari hakizuii matibabu hayo. Ila sukari ikiwa juu, kidonda cha chini ya mzizi hupona taratibu, na usaha unaweza kurudi. Najua kambini mara nyingi tunang'olewa tu. Hata hivyo uliza kama kuna rufaa. Hata ukichagua kung'oa, kidonda kinahitaji sukari iliyotulia.

Jambo jingine: jino lenye usaha nalo hupandisha sukari. Ukiona vipimo vinapanda na chakula hujabadilisha, chunguza mdomo.

Shavu likivimba, ukapata homa au ukashindwa kumeza, nenda siku hiyo hiyo, hata kama si siku yako ya kliniki.