Ndia Kuu ya Mombasa na Nasaba Zetu

Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhani kuwa ni kazi ya wanazuoni tu, nalo ni kuwatafuta wazee wetu waliotutangulia kwa kuufuata mtaa waliokaa. Nitautwaa mtaa mmoja uwe mfano wetu, nao ni Ndia Kuu ya Mombasa. Mwenye wazee wake Lamu, Malindi au Unguja aweza kuifuata njia iyo hiyo kwao. Na mtu wa bara ambaye babu yake alishuka pwani kutafuta kazi, akakaa huko miaka mingi, asidhani ya kuwa maneno haya hayamhusu.

Ndia ndiyo njia kwa Kimvita, na jina lenyewe laonyesha kwamba hii ilikuwa njia kubwa ya mji. Yaanzia karibu na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ikapita ndani ya Mji wa Kale kuelekea bandari ya majahazi. Apitaye hapo huona nyumba za mawe na boriti, milango ya nakshi, na roshani za mbao zilizotokeza juu ya vichwa vya watu. Lakini nyingi katika nyumba hizo zilijengwa katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Kwa hiyo mtu asiseme upesi, "Humu ndimo alimozaliwa babu wa babu yangu." Yamkini kiwanja ni kile kile, bali nyumba ni ya pili au ya tatu.

Basi mtafutaji aanzie wapi? Na aanze kwa watu walio hai. Jina la mtu wa pwani ni mnyororo: fulani bin fulani bin fulani, na mwishoni mara nyingi huja jina la ukoo au la taifa. Wenyeji wa Mombasa wajulikana kwa mataifa 12. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Washaka, Wapaza, Wabajuni na Wakatwa. Yatazameni majina hayo: mengi ni majina ya miji. Anayeitwa Mpate aelekezwa Pate, na Mkilifi Kilifi. Pamoja na hao wamekaa Waarabu wa Oman na Hadharamaut, Wabaluchi waliokuja kuwa askari, na Wahindi wa Kachchh na Gujarat. Mtaa mmoja waweza kukupeleka pwani nzima, hata ng'ambo ya bahari.

Baada ya kuwauliza wazee, zitafuteni hati. Mwaka 1908 ilitolewa sheria ya hati za ardhi ya pwani, iliyomtaka kila adaiye milki alete dai lake lipate kuandikwa. Tena ziko hati za wakfu, na madaftari ya makadhi ya ndoa na mirathi. Mambo mengi ya namna hii huulizwa katika ofisi za ardhi, kwa makadhi, na katika Nyaraka za Taifa huko Nairobi. Hati ya kale huieleza nyumba kwa mipaka yake minne: upande wa kibla nyumba ya fulani, upande wa suheli nyumba ya fulani, na vivyo hivyo matlai na magharibi. Hapa ndipo penye faida kubwa. Babu yako asipoonekana katika hati yake mwenyewe, huenda akaonekana katika hati ya jirani yake, ametajwa kuwa mpaka. Kwa sababu hiyo usitafute nyumba moja. Utafute mtaa mzima.

Yako mambo matatu ya kuangalia. La kwanza ni tarehe. Hati nyingi zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu na kwa mwaka wa Hijra. Mwaka 1326 wa Hijra ulianza Februari 1908. Na kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11, miaka 100 ya jua ni kama 103 ya Hijra. La pili ni majina ya njia, maana hubadilika. Barabara ya Mbarak Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Pwani, zamani iliitwa kwa jina la Vasco da Gama. Na iliyokuwa Kilindini Road leo ni Moi Avenue. La tatu ni wanawake. Katika miji ya Waswahili, na hasa Lamu, wazazi wenye uwezo walikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba, naye mume akahamia kwa mkewe. Atafutaye nyumba kwa majina ya wanaume peke yake huenda akapita mlangoni pa bibi yake asijue.

Sasa nafika kwenye neno lililo zito. Wazee husema, "Mwacha asili ni mtumwa." Methali hiyo ni njema, lakini tuifikiri vema. Katika nyumba zile za mawe hawakukaa wenye mali tu. Walikaa pia watu walioletwa kwa nguvu kutoka mbali, waliopika, waliochota maji, waliopakua majahazi, waliolea watoto wa wenyewe. Hao hawakuacha asili yao, walinyang'anywa. Utumwa uliondolewa kwa sheria katika pwani hii mwaka 1907, nao mabwana wakaruhusiwa kudai fidia. Wengine waliookolewa baharini walikaa ng'ambo ya maji, Frere Town, makao yaliyoanzishwa na misheni mwaka 1875, na huko hutafutwa katika vitabu vya ubatizo.

Basi mtafutaji akimkuta babu mwenye jina moja tu, lisilo na bin wala taifa, asilifiche karatasi lile, wala asimtungie nasaba ya fahari isiyo yake. Jina lile moja ni amana. Aliyevumilia hayo yote akaacha kizazi hakukiachia aibu. Aibu ni kumfuta mara ya pili, nasi tukijua.

Mabwana na mabibi, kazi hii haingoji. Nyumba za kale huanguka, au hubomolewa pakajengwa ghorofa. Na mzee akifa hufa na majirani wote aliowakumbuka. Nunua daftari. Mwulize mama yako na shangazi zako nani alikaa kulia na nani kushoto, nani alikuwa na kisima, maiti walizikwa wapi. Andika jina la msemaji na tarehe. Wakipingana wawili, andika maneno ya wote wawili. Kisha fanya nakala mbili, moja uiweke kwako na moja kwa ndugu yako, maana mchwa na mvua havina heshima kwa nasaba ya mtu.