KWA BAISKELI TOKA EMBU MPAKA MERU



Nimeombwa niseme juu ya safari ya baiskeli tuliyoifanya wanachama sita, Embu mpaka Meru kwa siku moja. Si mmoja wetu aliye mshindanaji wa kulipwa. Wengine wameuliza: mtu ashindaye na vyuma wiki nzima atafuta nini tena juu ya tandiko la baiskeli? Sikilizeni.

Kwanza, njia. Reli haikufika Embu wala Meru. Upande ule iliishia Nanyuki. Barabara yazunguka mashariki ya Mlima Kenya, yapita Runyenjes, Chuka na Nkubu, zaidi ya kilomita 100. Lakini kichoshacho si urefu, ni mito. Thuci, Nithi, Mutonga na mingine yatoka mlimani kwenda Tana, nayo yote hukata barabara. Kila mteremko una deni la kupanda.

Pale Nithi msifanye mchezo. Mwezi wa Julai 2022 basi lilitumbukia darajani, watu zaidi ya 30 wakafa. Sisi tuliteremka mmoja mmoja, tukibana breki na kuachia, maana breki ikibanwa mfululizo hushika moto na kupoteza nguvu.

Pili, chakula. Akiba ya nguvu mwilini yatosha kama saa mbili za kazi ngumu. Ikiisha, miguu huwa mizito kama mataruma. Basi kula kabla ya njaa, kunywa kabla ya kiu. Ndizi, nduma na viazi vitamu vyatosha.

Tatu, mapumziko. Tulifanya mazoezi miezi mitatu, kila wiki tukiongeza mwendo kidogo. Misuli huchoka katika kazi, hujengeka mtu alalapo. Hapa ndipo baiskeli inapogusa chama. Mwenzetu mmoja alikaribia kujitoa, kwa kuwa msimamizi wake alimwita kazini kila Jumapili. Mwakilishi wa tawi alikwenda na Sheria ya Ajira ya 2007 mkononi. Inasema mfanyakazi apate siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka, kwa mshahara kamili. Jumapili zake zikarudi. Ndugu zangu, mapumziko si zawadi ya bwana, ni haki. Lakini haki isiyodaiwa hulala.

Nne, mtu wa mwisho. Sisi wa reli twajua kwamba treni haijapita mpaka taa ya mkia ionekane; isipoonekana, huenda behewa limekatika nyuma. Hivyo tuliagana kungoja juu ya kila kilima mpaka wote sita wafike. Kabla ya Nkubu ndugu huyo wa Jumapili alisema tumwache. Hatukumwacha. Tulimpunguzia mzigo, tukaenda mwendo wake. Jioni tukaingia Meru, sita kama tulivyotoka.

Hatukupata kikombe wala fedha. Tulipata kujua kwamba mwili wa mfanyakazi si wa kazi tu; ni wake mwenyewe pia.

Anayetaka kujiunga aanze na kilomita 20, akague breki zake, na aandike jina kwa Katibu. Mwendo utakuwa wa yule wa mwisho.