Tangi Linalopasuliwa Makusudi

Desemba 2019 huko Huntsville, Alabama, wahandisi wa NASA na Boeing walilitesa makusudi tangi la majaribio lenye upana wa zaidi ya mita 8, mfano kamili wa lile linalobeba haidrojeni ya SLS, roketi ya NASA ya kupeleka binadamu angani. Walilijaza gesi ya naitrojeni, wakalibana kwa mitambo ya haidroliki. Lilistahimili zaidi ya asilimia 260 ya mzigo wa safari. Kisha ukuta ukabonyea, ukachanika, karibu pale pale hesabu zilipotabiri.

Sasa, yatuhusu nini? Mtungi wa gesi jikoni kwako unaaminika kwa sababu mitungi mingine ya muundo wake ilipasuliwa kwanza.

Wapo wanaosema kulipasua tangi lile ni kufuja kodi ya wananchi, kompyuta zingetosha. Kuhusu gharama, wana hoja. Roketi ile ni ghali mno. Lakini mimi nisingempandisha binadamu kwenye chombo ambacho udhaifu wake umeonekana kwenye skrini tu.

Hata hivyo najiuliza: ikiwa hesabu zilipatia kiasi hicho, nani ataamua ni lini ziaminiwe peke yake?